Chakula cha Kufungasha kwa Baba Mkwe

Mgeni akishuka Mbeya na begi lake mgongoni, kwanza atalalamikia baridi, halafu atauliza chakula cha kubeba. Atapata wapi kitu cha kufungasha apande nacho mlimani? Mimi ndiye ninayejibu swali hilo, kwa sababu miaka mingi sasa kazi yangu ni kufungasha chakula kwenye nyumba moja ya wageni pale mjini. Wanaokwenda kuliona Ziwa Ngozi, wanaopanda Loleza, wanaotaka kufika kilele cha Mbeya kabla mawingu hayajafunga, wote wanapita mikononi mwangu alfajiri. Saa kumi na mbili maboksi yameshajipanga mezani, na saa nne mimi nimerudi kwangu Iyunga kupika cha nyumbani.

Kufungasha kuna elimu yake, msinidharau. Wali haubebeki, ukipoa unakuwa changarawe. Chipsi ukizifunga za moto zinatoa jasho, ukizifungua mlimani zimelegea hata kuku hawazitaki. Kinachobebeka ni chapati iliyokunjwa, yai la kuchemsha ambalo halijamenywa, kiazi kitamu, kuku aliyekaangwa akakauka, na parachichi lililo bado gumu kidogo, maana litaiva huko huko begani. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku wenzangu walihangaika, mimi nikarudi kwenye jani la mgomba. Unalipitisha juu ya moto mpaka linyong'onyee, unakunja, unafunga kwa uzi wake mwenyewe, na hata mchuzi hauvuji. Wazungu hulipiga picha kwanza ndipo wanakula. Jioni wananirudishia boksi tupu na asante nyingi.

Nilifundishwa na mama yangu, Iringa. Kwetu Uheheni mtu haondoki nyumbani kwako mikono mitupu, hata kama anakwenda kilima cha pili tu. Siku nilipoolewa na kijana wa Kinyakyusa, mama alinifungia kuku mzima, ugali na viazi, akaniwekea mapajani ndani ya basi kama ananipa mtoto. Tulipofika Makambako nilikuwa nimeshawalisha watu wa viti viwili mbele na viwili nyuma. Mume wangu mpya aliona aibu. Nikamwambia azoee.

Sasa ona Mungu alivyo na utani. Mimi ninayeshibisha watu nisiowajua hata lugha, mwaka juzi nilishindwa kumlisha mzee mmoja aliyelala hatua kumi kutoka jikoni kwangu. Mzee huyo ni baba mkwe wangu.

Mume wangu alimtoa kwao Rungwe mwezi wa sita, baridi ikiwa imetukamata koo, akamleta kwetu kwa ajili ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa zamani. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, naye alikuwa anaona vivuli tu. Hospitalini wakampima, wakakuta sukari iko juu mno. Daktari akasema hagusi jicho la mtu mwenye sukari ya namna ile. Ana wiki tatu, ale chakula hiki na hiki, ale kwa wakati, sukari ishuke. Na daktari mwenyewe alikuwa mgeni, mwisho wa mwezi anaondoka. Sukari isiposhuka, mzee anarudi kijijini na giza lake, basi.

Mume wangu alinikabidhi karatasi ya vyakula, akalala siku mbili, akapanda gari kurudi Makongolosi, kule Chunya, kwenye machimbo yake ya dhahabu. Watoto wangu wote watatu walikuwa shule za bweni. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Tulibaki wawili ndani ya uzio mmoja, mimi kwenye nyumba kubwa, mzee kwenye chumba cha uani.

Hapo ndipo penye kazi. Kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Mkikutana njiani wewe unaingia migombani na kujifunika kanga, yeye anatazama pembeni mpaka mpishane. Hamkai chumba kimoja, hamsemeshani, hamli pamoja. Chakula chako anakula, ila kinamfikia kupitia kwa mkewe au kwa watoto. Siku hizi vijana wengi wameacha, wengine wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana. Baba mkwe wangu hakuacha. Katika miaka ishirini na mbili ya ndoa nilikuwa naujua mgongo wake, kofia yake na kikohozi chake, uso sikuujua sana. Hata pale kwangu alikuwa akikohoa kabla ya kufungua mlango wa chumba chake, ili nipate muda wa kujificha jikoni.

Mtu wa kunipelekea sahani hakuwepo. Basi nikajifanya mjanja. Nikajiambia, huyu mzee haoni, na mwiko wenyewe ni wa kuonana, kwa hiyo mwiko umelala. Mchana wa kwanza nikavua kandambili, nikanyata na sinia mpaka alipokaa juani, nikaliweka chini taratibu. Sikupumua. Mzee akanyanyua pua. Akajua si mtoto, si jirani, ni mimi. Aliinuka haraka kuliko umri wake, akajifunika uso kwa kofia, akageukia alikodhani ni mlangoni. Palikuwa ni kwenye nguzo. Akaipiga kwa paji la uso.

Alilala na njaa siku ile. Na mimi nililia, si uongo, nikiwa nimemkasirikia yeye na kujikasirikia mimi zaidi.

Kesho yake nikabadili mbinu. Nikapakua kwenye hotipoti, nikaiacha juu ya kigoda mlangoni kwake, nikaondoka kabisa nikaenda hata sokoni bila haja yoyote. Nikirudi, hotipoti iko vile vile, imejaa. Siku ya pili imejaa. Siku ya tatu nikapika samaki na majani ya maboga kwa karanga, chakula ambacho hata mgonjwa wa homa angekifuata, imejaa. Chai ya asubuhi alikuwa anakunywa. Nadhani kwake chai si chakula. Jirani mmoja akajitolea kumpelekea sahani kwa mkono wake, akarudi nayo. Mzee alimshukuru sana na kumwambia ameshiba.

Ameshiba nini? Upepo?

Nikampigia mume wangu. "Baba yako hali."

"Nimeongea naye sasa hivi," akasema. "Anasema anakula vizuri sana."

"Anakula wapi?"

"Si hapo kwako. Mwache mzee, atazoea."

Mwanaume akiwa Makongolosi kila kitu kwake ni chepesi. Ndivyo tulivyoishi, habari za mtu aliyelala uani kwangu zikinifikia kutoka Chunya. Jumatatu mzee akapanda bajaji kwenda kliniki peke yake, akapimwa, akampigia mwanawe, mwanawe akanipigia mimi. Sukari haikushuka. Ilikuwa imepanda.

Hapo nikakaa chini. Mtu asiyekula, sukari inapanda kutoka wapi? Wiki moja ilikuwa imekwisha, zilibaki mbili. Kesho yake saa sita, nilipomsikia akikohoa na kutoka na fimbo yake, nikajitanda kanga nikamfuata kwa mbali.

Hakwenda mbali. Alikwenda mkono wa kushoto akipapasa uzio, mpaka kwenye kibanda cha chipsi kilichopo kando ya barabara kuu, yale malori ya Tunduma yakipita hatua chache kutoka kwenye fimbo yake. Alikuwa akifuata harufu ya mafuta. Akanunua chipsi mayai, akafungiwa kwenye foili, akanunua na soda nyeusi, ile yenye sukari ya kutosha ukoo mzima, akaenda kukaa juu ya tofali nyuma ya kibanda na kula akiwa ameupa mji mgongo. Baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, anakula chipsi nyuma ya kibanda kama mwanafunzi mtoro.

Nilisubiri aondoke. Kisha nikamvaa mama muuza chipsi, mwanamke wa Kisafwa, mnene, mpole, tuliyekuwa tunasalimiana tu.

"Dada, unamuua mzee wangu," nikamwambia.

"Yule ni mzee wako? Mbona ni mteja wangu mzuri, mchana na jioni."

"Ana sukari. Anasubiri operesheni ya jicho. Kwangu hali, anakuja kula huku mafuta yako."

Hakukasirika. Aliendelea kumenya kiazi chake, halafu akasema, "Nilimuuliza, mzee, kwa nini huli nyumbani? Akaniambia mke wa mwanawe anapika vizuri, harufu inamtesa kila siku. Lakini mwanamke anayempikia mwanaume, wakiwa wawili tu ndani ya uzio mmoja, watu watamwita mkewe. Akasema, yule binti ametoka mbali kuja kwetu, sitaki watu waliseme jina lake kwa ajili ya tumbo langu."

Nilikaa kwenye ndoo yake ya viazi. Wiki nzima nilikuwa nimemtukana moyoni yule mzee. Nilimwita mkaidi, nilimwita mwenye majivuno, siku moja nilisema mambo mengine mbele ya hotipoti ambayo siwezi kuyaandika. Kumbe alikuwa akikikwepa chakula changu kunilinda mimi. Nilimpenda baba yule tangu siku hiyo, na sioni haya kulisema.

Lakini upendo haushushi sukari. Nikamwambia mama muuza chipsi, "Sasa sikiliza. Kuanzia kesho napika mimi, unauza wewe."

"Nauzaje chakula chako?"

"Kama chako. Akija, mwambie viazi vimepanda bei, umeanza kuuza chakula cha kiasili. Nakuletea kimefungashwa tayari. Hela atakayotoa ni yako, ujira wa kusema uongo."

Akacheka mpaka kibanda kikatikisika. Akakubali.

Nikaanza. Vyote nilivyojifunza kwa wapanda milima nikavipeleka kwenye safari ya hatua arobaini. Ndizi mbichi chache za kuchemsha, maana Mnyakyusa ukimnyima ndizi umemnyima kula. Maharage. Mboga nyingi, kuzidi hizo ndizi. Nusu parachichi. Samaki mdogo aliyekaushwa. Vyote ndani ya jani la mgomba, vya moto, nikaviweka kwenye kikapu chini ya kitambaa na kuvipitisha mlango wa nyuma kabla mzee hajakohoa. Soda nayo ikafa. Mama muuza chipsi alimwambia gari la soda haliji tena njia hii, na mzee akaamini, kwa sababu magari ya vitu vizuri huwa ndiyo tabia yao.

Siku ya kwanza nilichungulia kutoka kwenye tundu la uzio. Mzee alilipokea fungu lake, akalinusa, akalipima uzito mkononi. Nikajua ameshtuka. Akaenda kwenye tofali lake, akafungua jani, akala. Hakubakiza. Alilifuta jani kwa kidole.

Siku ya nne simu ikalia kutoka Makongolosi.

"Baba anasema hapo Iyunga kuna mama anajua kupika," mume wangu akasema. "Anafunga kwenye majani kama zamani. Anasema hajala mboga kama zile tangu mama afariki."

"Ee."

"Ungepita siku moja umuulize anazipikaje. Ujifunze."

Niliitazama simu. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata nayo ina moyo. Nikamjibu, "Nitapita," nikakata kabla sijaharibu.

Jumatatu ya pili sukari ikashuka kidogo. Siku zile nilikuwa naamka kabla ya jogoo, nafungasha za wageni, nakimbilia nyumbani kufungasha za mzee, na kabla ya kukunja jani nilihesabu vipande vya ndizi mara mbili kana kwamba nafanya mtihani. Mgeni mmoja alisahau boksi lake mapokezi akapanda Loleza na njaa, na sikumhurumia sana. Huyo atakula jioni. Mzee wangu akikosea siku mbili tu, ndiyo hatauona tena mlima.

Jumatatu ya tatu mume wangu alipiga simu akilia. Sukari imeshuka mpaka inapotakiwa. Jumatano wakamfanyia operesheni.

Mume wangu alikuja kumhudumia siku mbili hizo, akawepo bandeji ilipotolewa. Aliniambia baba alimtazama na kusema, "Umezeeka." Halafu akaomba apelekwe dirishani, akautazama Loleza mpaka nesi akamwambia inatosha. Ijumaa mume wangu akarudi kazini. Mzee akabaki na wiki mbili za matone ya jicho na kliniki, na mwiko wetu uko pale pale, sasa ukiwa na jicho zima la kuulinda.

Mpango nao ukaendelea. Ila mtu anayeona hatembei kwa saa za kipofu. Jumamosi alitoka mapema, saa tano, na sikumsikia akikohoa kwa sababu mimi nilikuwa tayari kibandani, kikapu mkononi.

"Mzee huyo," akasema mama muuza chipsi, midomo haichezi.

Sikuwa na pa kukimbilia. Mbele barabara, nyuma ukuta wa jirani. Nikachuchumaa nyuma ya gunia la mkaa, nikajifunika kanga kichwa kizima, mimi mama mtu mzima.

Mzee akasalimia, akaitikiwa. Kisha nikahisi kitu kikizunguka kibanda kizima. Lilikuwa ni lile jicho. Lilikuwa linapita kwenye karai la mafuta, kwenye kabati la kioo, kwenye ndoo ya viazi.

"Mwanangu," akasema, "sufuria la maharage liko wapi?"

"Lipo nyumbani, mzee."

"Na ndizi unachemshia wapi?"

"Huko huko nyumbani."

"Unafunga chakula nyumbani kwako, unakuja nacho, na kinafika hapa cha moto hivi. Kwako ni wapi?"

Yule mwanamke aliyedanganya wiki mbili bila kukwama, akitazamwa na jicho lile jipya akasalimu amri. "Mzee," akasema, "mimi najua chipsi tu."

Nilifumba macho. Nilijua anaondoka. Atafunga begi lake, atapanda gari la Tukuyu na jicho ambalo halijapona, na atakuwa na haki, kwa sababu nimemdanganya mtu aliyekuwa akinistahi, nimemlia njama pamoja na mtu baki. Lori likapita, mabati yakatetemeka. Halafu nikasikia benchi linaburutwa.

Alikuwa ameligeuza. Alikaa akitazama barabara, mgongo wake kwetu.

"Mwambie aliyepika," akasema.

"Anasikia, mzee."

"Mwambie leo sifungashiwi. Nakula hapa hapa. Na yeye apakue chake ale hapa hapa, watu wapite waone, wasipate la kusema. Mimi sitageuka."

Mama muuza chipsi akanitolea sahani mbili. Nikafungua jani, nikagawa. Yeye akampelekea mzee ya kwake, mimi nikakaa juu ya ndoo, mgongo wangu kwa mgongo wa mzee, uso kwenye ukuta wa mabati. Tukaanza kula. Watu walipita, wakamsalimia, akaitikia mdomo umejaa. 

"Chumvi imepungua," akasema mzee.

Mama muuza chipsi akafungua mdomo anifikishie. Nikamtangulia.

"Daktari ndiye aliyeikataza, baba," nikasema, nikiutazama ukuta.

Kijiko kilisimama. 

"Basi vizuri, mwanangu," akaiambia barabara. "Niongezee mboga."

Nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na yeye bila kugeuka akanipa sahani.